Nguo za Siku Nne

Begi lilikuwa la Lenox la shule, la rangi ya samawati, na zipu yake ilikuwa imeng'oka meno mawili karibu na mwisho, kwa hivyo ilitaka kuvutwa polepole na mtu anayeijua. Emmah aliijua. Jumatano jioni aliliweka begi juu ya kitanda, akatoa vitabu na penseli zilizovunjika, akaligeuza, akalipigapiga mpaka makombo ya mandazi yakaisha. Kisha akaanza kuwapakia watoto wake wawili ndani ya begi moja.

Amri ilikuwa ya Rachael, dada mkubwa wa Were, baba ya watoto. Alikuwa amepiga simu Jumapili akiongea kwa sauti ya juu kama mtu anayeita abiria.

"Mama Lenox, sikiza. Gari ni moja na watu ni kumi na wanne. Kuna masufuria, kuna turubai, kuna msalaba wenyewe. Watoto wako ni begi moja. Moja! Si begi na mfuko, si begi na kikapu. Nimeambia kila mtu hivyo."

"Sawa, Mama Odero," Emmah alijibu.

Ndivyo alivyokuwa. Mdomo wake ulikubali mambo kabla moyo haujafika. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na bado akiitwa na mtu mkubwa alitazama viatu vya huyo mtu badala ya uso.

Safari ilikuwa ya Funyula, nyumbani kwa kina Were, kuweka msalaba juu ya kaburi la babu ya watoto. Wangeondoka Nairobi Alhamisi, shule zikiwa zimefunga kidogo katikati ya muhula, na kurudi Jumapili. Familia yote inaenda, Rachael alisema, na Emmah akajua kwamba neno hilo lilimwacha yeye nje. Walikuwa wameachana na Were mwaka mmoja uliopita, bila kelele, bila sahani hata moja kuvunjika. Were alichoka na kazi ya mjengo, akachoka na Nairobi, akataka warudi kwao akaendeshe bodaboda. Emmah alikataa. Lilikuwa jambo la kwanza maishani mwake kukataa, na lilimshangaza yeye kuliko lilivyomshangaza Were. Were akaenda, akanyamaza. Na kwa kuwa hakuna mtu wa upande wake aliyewahi kukanyaga Mutuini kwa mama yake Emmah na kitu chochote mkononi, hapakuwa na njia ya kumwita mke, wala njia ya kumwalika.

Lakini watoto walikuwa na baba, na walikuwa na bibi. Hilo Emmah hakulikataa.

Aliyemtia hofu ni Shiru. Shiru alikuwa na kibanda cha nguo za watoto za mtumba hapo mtaani Satellite, na Emmah alikuwa mkono wake wa kulia: alipiga pasi, alishona vifungo, alikunja. Jumatatu alipomweleza habari za safari, Shiru aliweka chini kikombe cha chai.

"Begi moja? Shukuru Mungu! Dada yangu alipakia suti-kesi mbili, watoto wakaenda Kitui kwa baba yao Krismasi. Unajua wako wapi leo?"

"Wapi?"

"Kitui! Kitonga, yule mkubwa, ako darasa la sita. Nikimpigia simu ananisalimia na Kikamba, mimi shangazi yake. Wewe, watoto hawakuhama. Nguo ndizo zilihama, watoto wakabaki huko kuzingoja." Akanywa chai. "Pakia kidogo. Pakia mpaka waone aibu, wawarudishe."

Emmah alicheka, lakini usiku na mchana maneno hayo yalikaa naye.

Sasa alipakia kama mtu anayepima dawa. Kazi ilikuwa imemfundisha nguo za watoto kuliko alivyofundishwa kitu chochote katika madarasa sita aliyosoma. Alijua kitambaa kinachokauka kabla ya saa sita na kile kinachobaki na unyevu kwenye mishono mpaka kesho yake. Alijua ukikunja kaptula mara mbili inakula nafasi, lakini ukiizungusha kama chapati inakaa ndani ya kiatu. Kaptula mbili za Lenox. Fulana tatu. Magauni mawili ya Peres, moja la kanisa, moja la kuchezea. Chupi nne nne, kwa sababu siku ni nne. Sweta moja kila mtoto, ambayo wangeivaa njiani. Sare za shule alizipiga pasi na kuzitundika msumarini, mahali ambapo Lenox angeziona akitoka mlangoni.

"Mpira?" Lenox aliuliza. Alikuwa na miaka saba na alisimama kando ya kitanda kama askari wa mpakani.

"Mpira unabaki."

"Kwa nini?"

"Unalinda nyumba."

"Mpira haulindi nyumba, mama."

"Basi nyumba italinda mpira. Utaukuta Jumapili."

"Jumapili gani?"

"Hii inayokuja. Lenox, kuna Jumapili ngapi?"

"Mingi," alisema mtoto, na Emmah akaendelea kuzungusha fulana.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Rachael. Emmah alisoma akisogeza midomo, kama alivyosoma kila kitu. *Usisahau vitabu vya kliniki na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Mtu akiugua huko, hospitalini wanauliza.*

Alisoma mara tatu. Vitabu vya kliniki, sawa. Peres alikuwa na miaka minne na malaria ya kule haina huruma. Lakini cheti? Emmah alikuwa amepeleka watoto hospitalini mara nyingi na hakuna muuguzi aliyewahi kumuuliza cheti. Alijua mahali pamoja tu ambapo wanauliza cheti cha kuzaliwa kabla hata hujakaa kwenye kiti. Ni shuleni, siku ya kumwandikisha mtoto.

Aliviweka vyeti ndani ya begi. Akavitoa. Akaviweka tena, chini kabisa, chini ya kiatu. Halafu akavitoa na kuviweka chini ya godoro, akakaa juu yake.

Ikabaki leso.

Ilikuwa leso kuukuu ya manjano na nyeusi, imepauka mpaka manjano yake ikafanana na uji. Ni kama Peres alizaliwa nayo. Bibi yake, ambaye watoto walimwita kukhu kama wanavyoita huko kwao, alisafiri kutoka Funyula wiki ile aliyozaliwa, akamkuta mtoto amepewa jina lake, akafungua leso kiunoni mwake mwenyewe na kumfunga nayo huyo Peres mdogo. Alirudi nyumbani na gauni tupu. Tangu siku hiyo mtoto hakulala bila hiyo leso. Aliishika ncha moja, akaipitisha chini ya pua, usingizi ukamchukua. Bila leso alilia, na si kilio cha kubembelezwa. Kilikuwa kilio kilichowaleta wapangaji wote wa ploti kuuliza kama kuna mgonjwa.

Emmah aliikunja leso. Ikawa ndogo kama mkate wa nusu. Nafasi ya kuiweka ilikuwepo, hapo hapo kando ya fulana.

Na hapo ndipo wazo lilimjia, na lilikuja limekamilika, kama kitu ambacho mtu mwingine alikuwa amekifikiria siku nyingi. Mtoto asiyelala hakeshi peke yake. Anaamsha boma lote. Siku mbili za kilio hicho, na hata bibi mwenye jina lake angesema mrudisheni kwa mama yake. Mtoto aliye na leso yake, huyo angelala popote. Angelala Funyula mwaka mzima.

Alichukua leso, akaenda nayo kwenye karai, akaitosa majini. Alitaka akisema imelowa iwe imelowa kweli.

"Leso yangu!" Peres alisema.

"Ilikuwa chafu. Imelowa sasa, huwezi kubeba kitu kimelowa. Leo lala hapa na mama."

Peres alilala mkononi mwake, akinusa kwapa lake na kulalamika kidogo. Emmah hakulala sana.

Rachael alikuja kuwachukua asubuhi mapema, akiwa tayari amekasirika na watu wengine. Aliinua begi kwa kidole kimoja.

"Hii ndiyo ya wawili?"

"Ulisema begi moja."

"Nilisema begi, sikusema bahasha." Lakini hakuwa na muda. Alimshika Lenox mkono huu na Peres mkono ule, na wakaenda. Peres aligeuka mara moja kwenye kona ya vibanda na kupaza sauti, "Ikikauka uniletee!"

Emmah alienda kazini. Kabla ya kuanza aliianika leso kwenye kamba nyuma ya kibanda cha Shiru, ikiwa bado inadondosha maji. Akawasha pasi. Akapiga pasi suruali kumi na mbili bila kujua ni za rangi gani. Kulikuwa na jua kali ambalo halikuwa na haraka ya kwenda popote, na upepo mdogo kutoka upande wa Ngong. Ilipofika saa tatu alitoka nje kutafuta maji ya pasi, na leso ikampiga usoni, nyepesi, vuguvugu.

Ilikuwa imekauka.

Yeye, aliyejua kila kitambaa na saa zake, alikuwa amesahau kwamba leso kuukuu ndicho kitu kinachokauka upesi kuliko vyote. Aliishika, na ikawa na harufu ya sabuni na chini ya sabuni harufu ya mtoto, ambayo haikuwa imetoka. Akilini alimwona Peres katika nyumba ambayo mtoto hakuikumbuka, kati ya watu waliomwita jina lake kana kwamba wanamjua, akipitisha mkono mtupu chini ya pua.

"Shiru, nipe masaa mawili."

"Unaenda wapi?"

"Mjini. Gari linaondoka saa nne."

Shiru aliitazama leso, akamtazama yeye. "Nilijua tu. Wewe huwezi ubaya, hata ukifundishwa. Kimbia."

Gari lilikuwa kwenye kituo cha mafuta karibu na reli, milango yote wazi. Obuya, mjomba wa Were, alikuwa juu ya paa akifunga kamba. Msalaba ulikuwa umevikwa magunia, umelala kati ya masufuria kama mgonjwa. Watu walikuwa wakisukumana vifurushi, na katikati yao Rachael alichuchumaa, begi la samawati limefunguliwa mbele yake, vitu vyote vya watoto viko kwenye goti lake.

"Mama Lenox! Mungu amekuleta," alisema. "Vyeti viko wapi? Nimechimba hii begi mpaka chini. Soksi, kaptula mbili, gauni mbili! Unafikiri kwetu hakuna matope? Watu wataniuliza mimi, si wewe."

"Wacha Mama Lenox," Obuya alisema kutoka juu. "Kama wote mngepakia kama yeye, mimi singekuwa hapa juu kama nyani. Masufuria sita ni ya nini, Rachael? Tunaenda kupikia jeshi?"

Watu wakacheka. Emmah alitazama viatu vya Rachael. Vilikuwa vya hudhurungi, vipya, na kimoja kilikuwa na gundi iliyofurika pembeni.

"Vyeti sikupakia," alisema.

"Umesahau?"

Kwa swali hilo Rachael alikuwa amemfungulia mlango wa kutorokea. Ilikuwa rahisi kuupita: angetikisa kichwa tu, aambiwe atume baadaye, aseme sawa. Mdomo wake ulikuwa tayari umeanza kufunguka kwa hiyo sawa. Emmah alikandamiza leso tumboni.

"Sikusahau. Nimeviacha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wanaenda kutembea. Ni siku nne. Nguo ni za siku nne. Jumatatu wako shule."

Obuya aliacha kuvuta kamba. Rachael alisimama, soksi bado mkononi.

"Nani alisema hawatarudi?"

"Hakuna mtu alisema," Emmah alijibu, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Na hakuna mtu alisema watarudi."

Ndugu zake wote wakageuka kumtazama Rachael. Alianza kukunja soksi, vibaya, akazirudisha ndani ya begi. Halafu akamvuta Emmah kando, nyuma ya pampu ya upepo.

"Ni mama," alisema polepole. "Mama amekuwa mzee. Tangu mzee aende hana mtu kwa hiyo nyumba, na Were analala kwa nyumba yake huko nje. Kila siku ananiambia, niletee Peres, niletee Peres. Shule iko pale karibu, anasema, hata mimi nitampeleka kwa miguu. Yeye ndiye alisema niulize vyeti. Mambo ya hospitali ni mimi niliongeza."

Emmah aliikunja leso upya.

"Sikupenda, Mama Lenox. Lakini ni mama. Angekuwa wako ungefanya nini?"

"Sijui."

"Jumapili nitawaleta mimi mwenyewe. Hata kama ni kwa mgongo."

Emmah aliinua macho na kumtazama usoni, labda kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Ulikuwa uso wa Were, umepanuka tu, umechoka. Hakuwa na njia ya kujua kama ni ahadi au ni maneno ya kuondokea. Akaenda dirishani ambako Peres alikuwa ameketi kwenye paja la mama mmoja, na akampitishia leso.

"Imekauka?" Peres aliuliza.

"Imekauka."

Mtoto aliishika ile ncha yake, akaipitisha chini ya pua, na macho yake yakatulia hapo hapo. Gari lilipoondoka Lenox alipunga mkono mpaka mwisho. Peres hakugeuka. Hakuwa na haja.

Ijumaa Emmah alipiga simu, Were akapokea. Nyuma yake kulikuwa na kuku na mtu akipasua kuni.

"Wako sawa," Were alisema. "Lenox nimempakia kwa pikipiki, hataki kushuka. Peres alilala kama gunia. Mpaka asubuhi."

"Hakulia?"

"Hata kidogo."

"Ni vizuri," Emmah alisema, akinyoosha sare msumarini.

"Na wewe?"

"Niko tu."

Wote wawili wakasikiliza kuku. Emmah aliikumbuka ile nyumba, alikofika mara moja tu. Aliukumbuka mti wa mapera mlangoni na jinsi kukhu alivyomwekea maji ya kuoga bila kuulizwa. Alitaka kuuliza kama ule mti bado upo. Salio likaisha.

Jumamosi, siku ya msalaba, alifua vitu visivyo na uchafu. Jumapili alitoka kanisani bila kungoja matangazo. Aliupanguza mpira wa Lenox, akauweka katikati ya kitanda. Saa nane, kimya. Saa tisa, kimya. Saa kumi alivitoa vyeti chini ya godoro, akavitazama kuhakikisha viko, akavirudisha. Saa kumi na moja akasikia mtu nje kwenye ploti akisema, "Hii ngazi ilijengwa na nani, na alikuwa na hasira gani?" na ilikuwa sauti ya Rachael.

Walikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Lenox alipita moja kwa moja mpaka kwenye mpira. Peres aligongana na magoti ya mama yake na kubaki hapo. Begi lilikuwa mgongoni kwa Rachael, limevimba, zipu imeshindwa, limefungwa kwa kamba ya katani.

"Nimewaleta," Rachael alisema. "Na mgongo umeisha kweli."

Emmah alifungua kamba. Viazi vitamu. Njugu kwenye mfuko wa sukari. Dagaa wa omena waliokaushwa, wamefungwa kwa gazeti. Chini kabisa, zimegandamizwa, nguo zote za siku nne, ngumu kwa matope, hakuna iliyobaki nyuma. Alizihesabu kwa vidole bila kutaka kuonekana anahesabu. Kisha akahesabu tena.

"Peres. Leso iko wapi?"

"Nimeachia kukhu."

"Umesahau?"

"Sikusahau. Nimeacha." Mtoto alikuwa akichezea kamba. "Kukhu alikuwa analia kwa kitanda. Nikamwambia shika hapa, kwa ncha. Nikamwonyesha vile unanusa. Nitaichukua nikienda tena."

Rachael alikuwa akitazama ukuta, mahali palipokuwa na sare mbili zilizopigwa pasi.

"Mama hakutoka nje kutuaga," alisema. "Alisema miguu inamuuma. Wacha niende, Odero hajakula."

Alipoondoka, Emmah aliweka viazi jikoni viive. Watoto walikuwa wakicheza mpira kitandani. Yeye alikaa mlangoni na simu mkononi. Hakuwahi kumpigia kukhu yeye mwenyewe. Kila mara ilikuwa Were aliyepiga na kumpa aongee. Namba ilikuwepo. Aliibonyeza kabla mdomo wake haujapata nafasi ya kuogopa.

Iliita sana.

"Haloo?"

"Mama, ni Emmah. Wamefika."

Upande wa pili kulikuwa na pumzi tu, nzito, kama inayopita kwenye kitambaa.

"Wamekula?"

"Naivisha vile viazi."

"Usivitie maji mengi. Hivyo havitaki maji."

"Sawa, mama." Akaishika simu kwa mikono miwili. "Leso ukae nayo. Desemba nitawaleta mimi mwenyewe. Niichukue."

Sauti ya yule mama ikaja karibu, imetoka kwenye kitambaa.

"Na wewe utabeba nguo za siku ngapi?"

Emmah aligeuka akalitazama begi. Lilikuwa kitandani limelegea, tupu, mdomo wazi, na Peres alikuwa akijaribu kuingiza mpira ndani yake.